Dakika za ziada zisiombwe siku ya mtihani

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu juma lililopita kwamba wanafunzi wa vyuo wakishindwa mtihani wa mtandaoni husingizia umeme. Wapo, sikatai. Mimi ni mhadhiri hapa Arua, Uganda, na nimesikia vya kila namna, hata wa kuniambia mbuzi wa jirani katafuna waya wa chaja. (Nilipopita kwao baadaye, nilionyeshwa mbuzi, na waya pia.) Lakini muhula uliopita mwenye kosa nilikuwa mimi.

Darasani kwangu yumo binti mwenye uoni hafifu. Hutumia NVDA, programu ya bure inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Alipofanya mtihani wa darasa la saba, UNEB, baraza la mitihani la taifa, ilimwongezea dakika 45 kwa kila karatasi, kama inavyowafanyia watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Chuoni kwetu mitihani tunaiweka kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni. Humo pana mahali pa kumpangia mwanafunzi mmoja muda wake peke yake, na kazi yenyewe haifiki dakika tano. Nilisahau. Muda wa saa mbili ulipokwisha, mtihani ukajifunga huku akiwa na maswali sita hajayagusa. Na swali la tatu lilikuwa grafu niliyoibandika bila maelezo. Alichoambiwa masikioni ni kwamba hapo pana picha, basi.

Jioni alinipigia simu. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu." Samahani aliomba yeye!

Siku hiyohiyo umeme ulikatika mtaa mzima. Waliokuwa na bando kwenye simu waliendelea, wengine wakakaa gizani dakika 25. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo waliyokwisha kuandika hayakupotea. Saa ndiyo haisimami. Kisha chuo kikawataka walete barua yenye ushahidi ndani ya siku mbili. Giza hupigwaje picha? Na ushahidi tunao sisi wenyewe: kumbukumbu za mfumo huonyesha nani alikuwa akijibu na alinyamaza dakika gani. Wanafunzi kumi na mmoja wakinyamaza kwa pamoja, umeme umekatika. Akinyamaza mmoja tu kila afikapo kwenye swali gumu, huyo aitwe tuzungumze.

Wenzangu wananiambia tukilegeza kamba, wavivu watapenya. Sioni vipi, iwapo walioathirika watapewa maswali mengine ya uzito uleule. Kazi hiyo ni yetu, na pengine ndiyo maana hatuitaki.

Hatuwezi kudai kwamba matatizo haya yametuvamia juzi. Shule zilipofungwa Machi 2020 tulikimbilia mtandaoni, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 nayo inakataza kumbagua mtu katika elimu. Hata hivyo, katika chuo changu sijaona karatasi inayosema umeme ukikatika kwa dakika ngapi mtihani urudiwe, wala nani apokee simu siku hiyo. Kila mhadhiri huamua kwa huruma yake, na huruma hutegemea ameamkaje.

Ningependa msajili atupe majina ya wenye haki ya muda wa ziada tangu wiki ya kwanza ya muhula. Pia liwepo jaribio dogo lisilo na alama, wiki moja kabla ya mtihani, ili kama kompyuta ya mtu inakataa tujue mapema.

Yule binti alirudia mtihani, lakini baada ya vikao vitatu vya kamati. Muhula huu nimeshampangia dakika zake na grafu nimezieleza kwa maneno. Majina ya wengine bado nayasubiri kutoka ofisini, na mtihani ni Jumatatu.

Mhadhiri, Arua