Posa za ughaibuni na hiari ya vijana

Ndugu Mhariri,

Wazazi wengi walioko ughaibuni hulalamika kwamba watoto wao wameasi mila, ilhali vijana haohao ndio wanaowaomba wajomba na shangazi walio mbali wahudhurie posa kwa simu ya video. Wanachokikataa ni kuchaguliwa mchumba, na hapo Ibara ya 16 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, inayotaka ridhaa huru na kamili ya wanaooana, iko upande wao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ndoa zinazofungwa kidini pekee bila cheti cha serikali, maana mume akiondoka, mke aweza kukosa haki zake mahakamani. Viongozi wa dini wanaozifungisha (nao wanalijua hili vizuri) wanapaswa kudai usajili kwanza.

Msomaji wako,
Ughaibuni