Vyuma vya meno: wiki ya kwanza isiwakatishe tamaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasemee vijana wa Mwanza wanaofungwa vyuma vya kunyoosha meno kisha wakaachwa wajitafutie wenyewe namna ya kula.

Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa na hupungua ndani ya siku 3 hadi 7. Waya unasukuma jino, na mfupa unaolizunguka unajijenga upya. Siku hizo uji, ndizi za kupondwa na mchuzi wa sato vinafaa, ila sato achambuliwe miiba kwanza kwa sababu hunasa kwenye waya. Muwa, mahindi ya kuchoma, bisi na karanga viachwe kabisa hadi vyuma vitolewe. Hivyo ndivyo vinavyobandua vipande vya chuma vilivyogandishwa kwenye meno kwa gundi, na jino lililoachiwa huweza kurudi lilikotoka. Embe likatwe vipande, lising'atwe.

Shavu likichubuka, kausha chuma kwa pamba, bandika juu yake nta ya meno, yaani nta laini ya kufunika chuma kinachokwaruza, kiasi cha punje ya mbaazi, kisha sukutua kwa glasi ya maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Mswaki upite juu ya chuma na chini yake, kila baada ya mlo. Utando wa uchafu na bakteria ukibaki hapo huacha madoa meupe ambayo mswaki hauyaondoi tena, nasi hilo hutuumiza sana kuliona.

Wazazi wa Ukerewe na Sengerema, tunajua nauli ya kivuko ni mzigo. Hata hivyo chuma kikibanduka pigeni simu kliniki siku hiyohiyo, msingoje tarehe ijayo.

Wahudumu wa afya ya kinywa,
Mwanza