Mkono wa Idi kwa watu wa Zaria

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani. Idi Mubarak. Mwezi umeandama na futari ya mwisho tumeshaila. Aliyezifunga zote, Mola amtakabalie. Mwenye deni la siku, mwaka ni mrefu, atalipa.

Kila Idi, salamu ya kwanza kuingia kwenye simu yangu hutoka kwa Mhausa mmoja niliyesoma naye, mzaliwa wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Huandika maneno matatu tu: "Barka da Sallah." Barka ni baraka yetu, Sallah ni swala yetu. Idi ya leo wanaiita Karamar Sallah, na ile ya kuchinja ni Babbar Sallah. Nilipomwambia kwamba sisi pia tuna Idi Ndogo na Idi Kubwa, alicheka akaniuliza ni nani aliyemwibia mwenzake. Watoto wao wakipita nyumba kwa nyumba na nguo mpya hupewa goron Sallah. Goro ni ile kokwa chungu ya kola, wanayoitafuna na kukaribishana kama wazee wetu na tambuu. Siku hizi mtoto hupewa noti, ila jina limebaki la goro, kama kwetu lilivyobaki la mkono.

Baada ya swala huja Hawan Sallah, na hapo ndipo simu yangu hujaa video. Amiri wa Zazzau (ndilo jina la zamani la dola ya Zaria) hupita chini ya mwavuli mkubwa, tarumbeta ndefu za kakaki zikilia. Kwa mtu wa Pwani, sauti ile haiachi kumkumbusha siwa. Kuna na algaita, na hiyo ukiisikia utasema ni zumari bila kuulizwa. Kisha wapanda farasi hutimua mbio moja kwa moja kuelekea kwa Amiri, vumbi nyuma yao, na husimamisha farasi hatua chache mbele yake wakiinua mikono kumpa heshima. Mimi farasi nimewaona zaidi kwenye picha kuliko njiani, kwa hiyo nakodoa macho kama mtoto.

Lakini mwaka huu nimejikuta nawafikiria watu wa mji ule waliokwenda kwa miguu.

Wa farasi wanajulikana. Amina, binti wa Bakwa Turunku, anasimuliwa kuwa aliongoza majeshi ya Zazzau mamia ya miaka iliyopita, na mpaka leo ukuta wa kale katika nchi ya Wahausa huitwa ganuwar Amina, hata pale ambapo pengine hakufika. Wenyeji husema mji umepata jina kwa mdogo wake, Zaria. Ni sifa kubwa, na sitaki kuipunguza. Ila hadithi ya miji saba ya Kihausa inagawa kazi: Kano na Rano kwenye nguo, Katsina na Daura kwenye biashara, Gobir kwenye vita, na Zazzau kuleta watumwa. Sisi tuliokulia karibu na Kilwa na Bagamoyo hatuna haja ya kufasiriwa hilo. Farasi wa fahari walikuwa na kazi nyingine siku zisizo za Idi.

Wa miguu wa kwanza ni mwashi. Msikiti mkuu wa Zaria ulijengwa zama za Amiri Abdulkarim, katika karne ya 19, na Mikaila, aliyepewa jina la Babban Gwani, yaani fundi mkuu. Alitumia tubali, matofali ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono, pamoja na mbao za mvumo, akainua matao ya udongo ambayo wasanifu wa majengo wanayasoma hadi leo. Hakuwa na chokaa ya matumbawe kama mafundi wa Lamu. Agosti 2023, watu wakiwa kwenye swala ya alasiri, sehemu ya msikiti huo iliporomoka na waumini wakapoteza maisha. Rafiki yangu siku hiyo hakuandika maneno matatu. Aliandika moja: "Innalillahi." Leo, safu zikinyooshwa kwa swala ya Idi, kuna nyumba Zaria ambazo mtu wao hayumo kwenye safu. Dua zetu ziwafikie.

Wa pili ni mwanamke, na kwake ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Hajaratu alizaliwa Zaria mwaka 1933, baba yake mhamiaji kutoka Ghana, mama yake Mnupe. Watu walimwita Gambo, kwa sababu Wahausa humwita hivyo mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Aliozwa akiwa na miaka 13. Bado kijana, akajiunga na NEPU, chama cha mwanasiasa Aminu Kano kilichowasemea watu wa chini mbele ya watawala wa jadi na Mwingereza. Wanawake wengi wa Kano walikuwa wa ndani, hawahudhurii mikutano, basi Gambo akawafuata majumbani mwao, mlango kwa mlango. Alifungwa kwa hilo. Inahesabiwa kwamba maishani mwake aliingia jela mara 16. Wenzake walimwita Sawaba, uhuru. Wanawake wa Kaskazini walipata haki ya kupiga kura mwaka 1976, miaka 16 baada ya Nigeria kujitawala. Mara 16, miaka 16, sijui mwenzangu unaisomaje, mimi ilinikaa kooni.

Alifariki mwaka 2001. Sisi tulikuwa tumemzika Bibi Titi Mohamed mwaka mmoja kabla, naye alizunguka akiwatoa akina mama ndani waje kwenye siasa, naye pia akaionja jela. Sijasikia popote kwamba waliwahi kuonana. Ningetoa mkono wangu wote wa Idi kusikiliza mazungumzo yao ya nusu saa, kahawa katikati.

Zaria ina hospitali yenye jina la Gambo Sawaba. Wanaozaliwa humo leo, sikukuu, wataanza maisha kwa jina lake kwenye kadi ya kliniki, kabla hawajajua farasi ni nini.

Basi Idi njema, ndugu zangu. Pilau isiungue, wageni wasikose biriani. Na mnajua Wasukuma wana Kulwa, wana Doto, na anayefuata ni Shija, huyo ndiye Gambo wa kwetu. Shija yeyote atakayebisha hodi kwako leo, mkono wake wa Idi uwe mara mbili. Mwambie umetoka Zaria.

Barka da Sallah.