Mtuonyeshe picha za kauboi zikiwa nzima

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita kituo kimoja cha televisheni kilitangaza kwamba saa nne usiku kingeonyesha Once Upon a Time in the West, picha ya Sergio Leone ya mwaka 1968. Nilikula mapema, nikamwita mjukuu wangu aliye kidato cha pili, nikamwambia: kaa hapa, leo utaona stesheni. Matangazo yakaisha, picha ikaanza, na ikaanzia pale familia moja inapoandika meza za sherehe nje ya nyumba yao nyikani. Sehemu yote ya mwanzo, zaidi ya dakika kumi, walikuwa wameikata. Stesheni haikuwepo.

Kwa asiyeijua picha hiyo, naomba nieleze kilichoondolewa. Wanaume watatu waliovaa makoti marefu wanaingia kwenye stesheni ya mbao katikati ya nyika. Wanamfungia ndani mzee wa stesheni, kisha wanasubiri treni. Ni hivyo tu, wanasubiri. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa mafuta. Mmoja, Jack Elam, anasumbuliwa na nzi usoni hadi anamnasa kwenye mdomo wa bastola na kumsikiliza akivuma humo ndani. Mwingine anavuta vidole vyake kimoja kimoja, vinalia. Wa tatu ni Woody Strode, Mmarekani mweusi. Amesimama chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia kwenye upara, anatazama juu, hasogei, anavaa kofia. Matone yanaendelea kudondokea kofia, na baadaye anaivua na kuyanywa yale maji yaliyojaa ukingoni. Treni inakuja, inasimama, kifurushi kinatupwa chini, hakuna abiria. Wanageuka kuondoka. Treni inapojivuta ndipo inasikika sauti ya kinanda cha mdomo, na wakigeuka wanamwona mtu amesimama ng'ambo ya reli. Ameshukia upande wa pili.

Mimi nilifanya kazi reli kuanzia 1973, wakati lilikuwa bado Shirika la Afrika Mashariki, hadi nilipostaafu 2011. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa stesheni masta kwenye Reli ya Kati, na miaka minne kati ya hiyo nilikaa Saranda, pale treni inapojiandaa kupanda kwenda Manyoni. Abiria kushukia upande usio na jukwaa lilikuwa jambo tulilolipiga marufuku kila siku, na kila siku lilitokea. Ndiyo maana nilipoiona picha hii mara ya kwanza katika ukumbi mmoja wa sinema Dar es Salaam, nilijua mahali alipo yule mtu kabla ukumbi haujajua. Sijawahi kusahau furaha ile.

Lakini kilichonishika zaidi ni lile tangi. Kila stesheni ya injini za mvuke ilikuwa na tangi lake, na sijaona tangi lisilovuja. Usiku, treni ya kutoka Kigoma ikiwa imechelewa saa tano au sita, ungesikia tone, kimya, tone, kimya. Akina mama wenye kuku na mayai ya kuchemsha wamelala kando ya makarai yao. Simu ya kuzungusha kwa mkono haiiti. Mbwa anakatiza reli. Kusubiri treni kuna sauti zake, na mtu aliyetengeneza mwanzo wa picha ile alizisikiliza. Aliupigia Hispania, karibu na La Calahorra, mkoa wa Granada, hata Marekani si Marekani, lakini stesheni ile ni Saranda yangu kabisa.

Sasa kituo kinaondoa dakika hizo kwa sababu, nadhani, hakuna anayezungumza wala anayepigwa risasi. Hilo kosa si geni. Huko Marekani picha hiyohiyo ilipotoka, wenyewe waliipunguza kwa takriban dakika 20 wakidhani watu watachoka, na bado haikuuza vizuri. Ufaransa ilioneshwa ikiwa ndefu na watu wakaipenda mno.

Nitoe mfano mwingine. High Noon, ya mwaka 1952, aliyoiongoza Fred Zinnemann. Mkuu wa usalama wa mji mdogo, Gary Cooper, ndiyo kwanza amefunga ndoa, anapata habari kwamba adui yake ametoka jela na anakuja na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wa huyo adui wanamngojea stesheni. Picha ina dakika 85, na saa za ukutani zinazoonyeshwa ndani yake zinakwenda karibu sawa na saa ya mkononi mwako. Kuanzia saa nne na nusu hivi hadi saa sita, Cooper anapita mlango kwa mlango akiomba msaada: kanisani, kwa jaji, kwa rafiki aliyemwagiza mkewe aseme hayupo. Hakuna anayetoka. Kila baada ya muda tunaoneshwa reli mbili zilizonyooka hadi upeo wa macho, tupu. Mtu wa reli anajua uzito wa reli tupu.

Injini inayoonekana mwisho ni namba 3 ya Sierra Railway ya California, iliyoundwa 1891, na bado imetunzwa kule Jamestown. Zinnemann mwenyewe alisimulia kwamba walikuwa wamelala relini na mpiga picha wake, Floyd Crosby, wakiipiga ikija. Ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, wakaona inapendeza. Hawakujua kwamba moshi mweusi ulikuwa ishara ya dereva kwamba breki zinamshinda. Walinusurika, kamera ikavunjika, filamu ikapona. Nilipomsimulia hayo dereva mmoja mstaafu mwenzangu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyo dereva alifanya alichoweza."

Picha kama hii ukiipasua kwa matangazo ya dakika saba saba, saa zake zote zinakuwa za uongo. Nafahamu kituo hakiendeshwi bila matangazo. Wayaweke mwanzoni, na mapumziko mamoja katikati, kama sinema zilivyokuwa zikifanya, tukanunua karanga tukarudi.

Kuna na hili la umbo. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, na zilipokuja zilikuwa za chogo, kioo chake karibu mraba. High Noon ilikaa humo vizuri kwa sababu ilipigwa kwa umbo linalokaribiana na hilo. Picha za Leone ni pana mno, upana zaidi ya mara mbili ya kimo, kwa hiyo pembeni zilikatwa. Watu watatu wakisimama kupambana, mmoja alikuwa haonekani. Leo tuna runinga bapa na ving'amuzi, na badala ya kupona tumehamia ugonjwa wa pili: picha za zamani zinavutwa zijae kioo, Gary Cooper aliyekuwa mwembamba kama mnazi anakuwa mfupi mnene, na farasi wanafanana na viboko. Juu ya hayo unapita utepe wa maandishi ya habari chini, mahali palepale penye tafsiri.

Vijana wengine huniambia hizi ni picha za kuwasifu wazungu. Sikatai kwamba nyingi ziliwadhulumu wenyeji wa asili wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Waliletwa kupiga kelele na kuanguka kutoka kwenye farasi, basi. Nami humwambia mjukuu wangu hivyo nikiwa naye mbele ya runinga. Humwambia pia kwamba miongoni mwa makauboi wa kweli walikuwamo weusi wengi, na kwamba Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, alikuwa ofisa wa usalama aliyesifika kwa kukamata wahalifu. Na humwonyesha Strode. Anauawa mapema katika picha ile, lakini dakika zile chini ya tangi ni zake peke yake, na kamera inamtazama usoni kwa heshima. Ukizikata dakika hizo, umemwondoa yeye.

Na tusisahau kwamba John Wayne mwenyewe, nyota wa picha za kauboi, alifika kwetu. Hatari!, picha ya Howard Hawks ya mwaka 1962 yenye jina la Kiswahili, ilipigwa Arusha na pembezoni mwake, hadi Momella. Sijui kwa nini hatuioni kwenye runinga zetu kila Desemba.

Ninachoomba si kikubwa. Jumapili moja kwa mwezi, saa tisa alasiri, watoto wakiwa macho, picha moja ya zamani, nzima, kwa umbo lake. Ile mistari minene myeusi juu na chini, au pembeni, si hitilafu ya mitambo. Waiache. Na majina ya mwisho yaachwe yapite hadi mwisho, tumjue aliyepiga kinanda.

Mjukuu wangu bado ananiuliza yule mtu wa kinanda cha mdomo alitokea wapi. Nimekataa kumsimulia. Nataka aione treni ikiondoka.

Stesheni masta mstaafu,
Kihonda, Morogoro