Chui wa tangini hashibi kwa milo miwili

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kufuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani niliisoma mara mbili, na nusu yake ya kwanza sina ugomvi nayo. Mwandishi kaeleza vizuri kwa nini tangi jipya liachwe kwanza mpaka amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu majini, zisome sifuri. Kilichonifanya nishike kalamu ni sentensi moja iliyokaa chini ya picha, kwamba samaki wa ukoo wa labridi ni wepesi kufuga na walishwe chakula kikavu mara mbili kwa siku. Picha yenyewe ilikuwa ya chui.

Kwa asiyemjua, chui ninayemsema ni samaki mdogo wa ukoo huo wa labridi, jamaa wa pono, anayeitwa hivyo kwa madoa yake. Akinunuliwa huwa na urefu wa kidole. Jike wa aina ninayofuga, Macropharyngodon bipartitus wa Bahari ya Hindi, ana rangi ya chungwa iliyonyunyiziwa madoa meupe, na kifua cheusi utadhani kachovya kwenye wino. Ukoo wa labridi una zaidi ya spishi 500, na ndani yake wamo walafi wanaomeza chochote kinachoanguka majini. Nadhani hao ndio mwandishi aliokuwa nao kichwani. Chui si mmoja wao, na yeyote atakayemlisha kama makala ilivyosema atamzika kabla ya mwezi kwisha.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani, na tangi langu la lita 300 liko hatua mbili kutoka kwenye mashine. Nalitaja hilo kwa sababu limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Chui wangu wa kwanza alikaa siku tisa. Aliyeniuzia alisema, "Huyu anakula kila kitu," nami sikumwomba anionyeshe. Nilimfungulia mfuko saa kumi jioni. Akazunguka tangi mara moja, akainamisha kichwa, akatikisa mwili mara mbili tatu, mchanga ukammeza. Kikabaki kivumbi kidogo kikitua taratibu. Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne uvumilivu ukanishinda, nikachukua mpini wa mwiko nikaanza kupekua mchanga, nikiamini amekufa na ataniharibia maji. Akachomoka kama mshale, akakipiga kioo kwa mdomo, niliusikia mlio. Toka hapo mdomo wa chini ukavimba na kuwa mweupe. Alikuwa akiisogelea chembe ya chakula, anaigeuzia jicho moja, anaitazama sana, kisha anaondoka. Siku ya tisa nilimkuta amelala ubavuni mwa jiwe, amekonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili.

Kosa la mwiko ni langu mwenyewe, simsingizii mtu. Ila mwandishi wenu angeniandikia mistari minne tu ya kumtetea samaki yule, nisingelifanya.

Chui hulala ndani ya mchanga kila usiku, na akiogopa mchana hukimbilia humo humo. Akisafirishwa, mwili wake hubaki na saa ya kule alikovuliwa. Inawezekana kwako ni mchana mweupe, kwake jua limeshazama. Kwa hiyo hujifukia na hulala, siku tatu, siku kumi, wengine hata zaidi. Wa pili niliyemleta alipotea siku sita. Siku ya saba alitoa kichwa saa tisa alasiri, akazungusha macho, akarudi chini. Kesho yake akatoka mapema kidogo, na baada ya wiki mbili hivi alikuwa anaamka na taa zangu, ambazo huwaka saa tatu asubuhi. Safari hiyo nilikuwa nimejifunga mikono. Nilipima amonia kila asubuhi, nikajiambia kwamba maadamu inasoma sifuri, basi hata kama kafa hajaharibu kitu, na sina sababu ya kufukua.

Mchanga wenyewe uwe laini, kina cha sentimita 5 hadi 8. Vile vipande vikubwa vya matumbawe vinavyouzwa kwa ajili ya kupamba vitamchubua ngozi na midomo kila akijichimbia. Na ukimweka kwanza kwenye tangi la karantini, ambalo kwa kawaida huachwa tupu ili lisafishike, mtilie bakuli pana lenye mchanga. Pasipo mchanga hujaribu kujichimbia kwenye kioo kitupu usiku kucha. Mdomo ukishaumia, habari ya chakula imekwisha.

Tuje kwenye njaa, maana hapo ndipo makala ilipopotosha hasa.

Samaki wa ukoo huu hawana tumbo la kuhifadhia chakula. Wana utumbo tu. Kinachomezwa hupita moja kwa moja. Hawezi kula mlo mkubwa asubuhi akautunza hadi jioni, kama mtu asivyoweza kubeba maji kwenye chujio. Huko baharini chui hudonoa tangu kunapambazuka hadi anapokwenda kulala. Ukikaa karibu na kioo utamwona anavyofanya. Anasimama juu ya jiwe, anauinamisha mwili upande mmoja, jicho linazunguka peke yake kama la kinyonga, anadonoa kitu usichokiona. Baada ya madonoo kadhaa anatema unga mweupe. Kooni ana taya za pili zenye meno mapana, na ndizo zilizompa jina, kwani Macropharyngodon kwa Kigiriki ni kama kusema mwenye meno makubwa ya koo. Kwa meno hayo husaga konokono wachanga na foraminifera, viumbe vya seli moja vyenye gamba la chokaa. Samaki wa namna hii ukimwangushia vipande bapa vya chakula kikavu, kwake ni takataka zinazoelea. Havitambui kuwa ni chakula.

Kwa hiyo tangi ndilo liwe shamba. Baada ya yule wa kwanza nilikaa miezi minane bila kununua chui mwingine. Niliongeza mawe yenye uhai, yaani mawe ya baharini yaliyojaa viumbe vidogo, nikatia kopepodi, vidudu vya maji vidogo kama nukta ya kalamu, nikawaacha wazaane bila samaki wa kuwala. Nikaanza kumfikiria wa pili usiku ule nilipomulika kioo kwa tochi nikaona nukta nyeupe zinakimbia kila upande. Na hata hivyo hawatoshi. Chui mmoja mwenye njaa anaweza kulimaliza shamba la miezi minane kwa wiki chache, hasa ukiwa na samaki mwingine anayetegemea kopepodi hao hao.

Cha kujazia ni atemia wachanga, vidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba, na hao unawaangua mwenyewe. Chupa ya plastiki inakatwa kitako na kuning'inizwa kichwa chini, maji ya chumvi ndani, mpira wa hewa unapuliza kutoka mdomoni mwa chupa, mayai nusu kijiko. Kukiwa na joto la nyuzi 26 au 28 na taa karibu, baada ya saa 24 hadi 36 maji yanageuka rangi ya chungwa. Unazima hewa, unasubiri dakika kumi. Maganda yanapanda juu, na watoto unawaita chini kwa tochi, maana wanafuata mwanga. Nawakinga kwenye kipande cha pamba nyepesi kilichobaki kwenye blauzi ya mteja, nawasuuza, nawapeleka tangini saa hiyo hiyo. Wasilazwe. Kiini cha yai walichozaliwa nacho ndicho chenye rutuba, na kila saa inayopita wanakitumia wao.

Sasa mtaona kwa nini cherehani ina nafuu. Kila nikimaliza pindo nanyanyuka, navuta kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nampulizia karibu na jiwe analopenda. Mara tano, mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Wiki ya pili nikaanza kuchanganya mayai ya samaki na kamba wadogo waliogandishwa, niliowakata kwa mkasi mdogo wa kutindua nyuzi (huo mkasi haukurudi tena kwenye nguo, wateja wasiogope). Barafu iyeyuke kwanza na yale maji yake yamwagwe, yanachafua tangi bure. Siku saba nzima alikuwa akichagua atemia na kuacha kamba. Siku ya nane akameza kipande kimoja, akakitema, akakifuata kinavyozama, akakimeza tena, akatulia nacho. Nilikuwa na suruali ya mteja mapajani na pini mdomoni, nikakaa vile vile bila kupumua. Alipokwenda kutafuta kipande cha pili nilijua nimempata.

Chakula kingi hivyo kina gharama yake majini, nitrati, ule uchafu unaobaki chakula na kinyesi vikioza, hupanda. Mimi hubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, na chombo cha kutoa uchafu kwa povu hakizimwi.

Namna ya kujua kama anashiba si kutazama kama anadonoa, kwa sababu atadonoa hata kama hapati kitu. Mtazame kwa mbele anapokujia. Mgongo nyuma ya kichwa uwe wa mviringo. Ukiona umekuwa kama makali ya kisu na tumbo limebonyea, umechelewa tayari. Na akiwa anakula vizuri lakini bado anakonda, shuku minyoo ya utumbo, maana samaki hawa wengi huvuliwa baharini na huja nayo. Dawa yake ipo, ila haitafaa kitu kwa samaki aliyekwisha kuishiwa nguvu.

Makala ilishauri pia kununua yule mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, ili "awe daktari wa wenzake". Hapa nilicheka kwa uchungu. Ni kweli baharini anawasafisha wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kwamba mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku. Hebu jiulizeni, tangi la sebuleni lenye samaki sita litampa wapi vimelea 1,200? Na likiwa navyo, samaki hao sita wataishi? Wapo wachache wanaojifunza kula vilivyogandishwa na kudumu. Wengi hubaki kuwasumbua wenzao kwa kuwadonoa ute wa ngozi, kisha wanakufa njaa.

Jambo la kifuniko mwandishi alilisahau kabisa. Samaki hawa huruka, hasa taa zinapozimika ghafla, na hupita kwenye upenyo ambao ungeapa kidole hakipiti. Nilianza na kitambaa cha chandarua juu ya fremu. Chumvi ikaziba matundu kwa wiki mbili na mwanga ukafifia. Sasa nimeshona nailoni yenye matundu ya milimita 6, nayo ni mwaka wa tatu haijachanika. Mshono mara mbili, kama wa begi la shule.

Wasomaji watauliza: je, mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni afanye nini? Jibu langu halitamfurahisha. Asinunue chui. Huko kwenye ukoo huo huo wa labridi kuna yule wa manjano tupu, Halichoeres chrysus, anayelala mchangani vile vile na mwenye hamu ya kula, atakayemvumilia. Lakini anayemtaka chui lazima, basi atafute jike, kwa sababu hawa huzaliwa majike na mkubwa wao ndiye hugeuka dume, na madume wawili hawakai tangi moja. Tena asitoe pesa kabla muuzaji hajamtilia samaki chakula mbele yake, na samaki akala. Muuzaji akisema "kashiba tayari", rudi nyumbani. Mimi ningerudi nyumbani siku ile, yule wa kwanza asingekufa mikononi mwangu.

Naomba mrekebishe ile sentensi ya chini ya picha. Hata mkiiweka pembeni, karibu na matangazo, itatosha. Na mwandishi wenu akipenda kumwona chui akila, aje kabla ya saa kumi na mbili jioni. Taa zangu huzimika saa tatu usiku, lakini huyu wangu haongojei taa. Ikifika saa kumi na mbili huzunguka pembe yake ya kushoto mara tatu nne, anajichimbia, na hapo hata nikimpulizia atemia wa moto moto hatoki mpaka kesho.

Ni mimi fundi cherehani,
msomaji wenu wa siku nyingi