Dada yangu, rufaa hii haikuiti muongo

Assalamu alaykum, dada yangu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na salamu nilizompa mjomba akufikishie zimerudi kama zilivyokwenda. Jina lako sitalitaja, wala la kaka yako, wala la kijiji chetu. Waliozika pamoja nasi wanatujua, na wengine hawana haja ya kutujua. Lakini maneno yenyewe nataka yasomwe, maana nyumba iliyofikwa na msiba wa namna hii si yetu peke yetu hapa visiwani, na wengi hukaa kimya kwa aibu mpaka siku za kukata rufaa zinawapita.

Nimeambiwa umesema kwamba sisi tunaokata rufaa dhidi ya hukumu ya kifo aliyopewa kaka yako kwa mauaji ya baba yenu tunamuua baba yako mara ya pili. Neno hilo limenikaa kifuani. Unajua baba yako, ami yangu, alikuwa nani kwangu. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenishika mkono kunipeleka skuli na chuoni, na hakunitenga na watoto wake hata kwa kipande cha muhogo. Lau ningeona rufaa hii inamdhulumu yeye kaburini, nisingeigusa.

Nianze na jambo ninalodhani ndilo linalokutesa zaidi, ijapokuwa hukulisema kwa mtu. Unaogopa kusimama tena mbele ya watu uulizwe usiku ule. Dada, katika rufaa yenyewe hutaitwa. Mahkama ya Rufani ya Tanzania haiwarudishi mashahidi wakaanza upya. Majaji watatu hukaa na mwenendo wa kesi, yaani kila ulichokisema wewe na wenzako kama kilivyoandikwa, wakawasikiliza mawakili wa pande mbili, wa kaka yako na wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Na kwa vile kesi za mauaji huanzia Mahkama Kuu, hii ndiyo rufaa ya kwanza, kwa hiyo majaji wana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya, wao wenyewe, si kuangalia tu kama taratibu zilifuatwa. Baada ya hapo kwa kesi ya jinai hakuna ngazi nyingine ya rufaa. Ya Mahkama ya Kadhi na ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar huishia hapa hapa kwetu, lakini roho ya mtu inafika huko.

Huo mwenendo nimeusoma. Nimeusoma polepole, na ulipo ushahidi wako nilifunga karatasi nikatoka nje kwanza. Uliulizwa ulimtambuaje mtu uliyemuona. Ukajibu: "Namjua, ni kaka yangu. Kulikuwa na kandili." Basi. Swali lililofuata lilikuwa la panga. Hakuna aliyekuuliza kandili lilikuwa wapi, lilikuwa linawaka kiasi gani, ulikuwa hatua ngapi, ulimtazama kwa muda gani, uso uliuona au hukuuona.

Kandili lile tunalijua mimi na wewe. Lilitundikwa kwenye msumari wa mlango wa uani, kioo chake kimepasuka upande mmoja na kufukiwa na moshi, na ami alikuwa hana subira ya kuunguza mafuta ya taa bure: uchambuzi wa karafuu ukimalizika tu na watu wakitawanyika, anaushusha utambi mpaka unabaki kama macho ya paka. Usiku ule karafuu zilikuwa zimekwishachambuliwa, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yako kando, watu wamekwenda zao. Wewe ulitoka kwa kusikia kishindo. Umesema mwenyewe, na limeandikwa, kwamba mtu alikuwa amevaa msuri na fulana na alikuwa anakimbilia mikarafuuni. Mtu anayekukimbia anakupa mgongo. Na msuri na fulana, msimu wa karafuu, huvaliwa na nusu ya wanaume wa Pemba.

Hapo ndipo ilipo sababu yetu kubwa ya rufaa, na si hila ya wakili. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahkama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondoka. Lazima ijulikane shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alikuwa akimjua kabla. Kusema tu "kulikuwa na mwanga" hakutoshi. Na hata pale shahidi anapomjua mtu vizuri, majaji wamerudia mara nyingi kwamba watu hukosea hata kwa jamaa zao wa karibu.

Hakuna pahali katika sababu zetu za rufaa panapokuita muongo, dada. Nilimwambia wakili tangu siku ya kwanza, na yeye akaniambia hata mimi nisingemwambia asingeandika hivyo. Ulisema ulichoamini umekiona. Umetoka usingizini, baba yako yuko chini, moyo wako umetafuta sura ya mtu, na mchana wa siku ile ulikuwa umewasikia baba na kaka wakigombana juu ya ile mikarafuu ya bondeni. Ningekuwa mimi, ningeona kama ulivyoona. Swali lililo mbele ya majaji ni kama uliweza kukiona.

Utaniuliza: na ugomvi je? Na kule kuondoka kwake alfajiri kwenda Unguja? Haya yote yamo, na hatuyafichi. Mgombano ulikuwapo, walisikia majirani. Kuondoka aliondoka. Lakini ushahidi wa mazingira una kipimo chake: ukiunganishwa wote lazima uelekee kwa mshtakiwa peke yake, usibakishe maelezo mengine yanayoingia akilini. Kumshuku mtu tu, hata kwa nguvu kiasi gani, hakumtii hatiani. Yeye amesema alikuwa na safari ya kuchukua kazi, na tiketi ya boti alikuwa keshaikata kabla ya ugomvi. Jambo hili halikufuatiliwa na upande wowote, na mimi linaniuma kuliko yote, maana lilikuwa jepesi kulithibitisha au kulivunja.

Halafu yuko yule jirani aliyefika wa mwanzo na tochi. Wewe unamjua. Ndiye aliyemgeuza ami. Hakuitwa mahkamani, na haikuelezwa kwa nini. Sheria haidai idadi fulani ya mashahidi, mmoja anatosha akiaminika. Lakini Mahkama ya Rufani ilisema katika kesi ya Aziz Abdallah ya 1991 kwamba upande wa mashtaka ukimuacha shahidi muhimu aliye karibu bila ya kutoa sababu, mahkama inaweza kuchukulia kuwa huenda maneno yake yasingewasaidia. Yule alikuwa na tochi, dada. Wewe ulikuwa na kandili.

Mimi sijui nani alimuua ami. Nalisema hili wazi, kwa sababu kuna wanaodhani nina siri. Sina. Kama majaji watapima yote haya na hukumu wakaibakisha, nitanyamaza na nitakuja mlangoni kwako. Lakini ikiwa si yeye, basi aliyemuua baba yako anatembea, pengine anakuja kusali Ijumaa pamoja nasi, na sisi tumeridhika. Wewe kuliko mtu yeyote ndiye mwenye haki ya kutoridhika.

Sasa la mikarafuu, maana limefika mpaka barazani Wete na nimelisikia kwa masikio yangu. Wanasema tunakata rufaa ili kaka yako arithi. Tufikiri pamoja. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyeua harithi kwa aliyemuua, hata kama ameua kwa bahati mbaya. Kwa hiyo lau Mahkama itasema ni kuua bila ya kukusudia na kumpunguzia adhabu, katika mirathi hapati hata konyo moja. Tungekuwa tunataka miti, hii ni njia ya kijinga na ghali ya kuitafuta. Ninachoomba mimi ni kimoja: fungu la kaka yako lisigawiwe na wala mti usiuzwe mpaka rufaa iishe. Likabidhiwe mtu mtaalamu wa kuliangalia, karafuu zichumwe na kuuzwa kama kawaida, pesa ziandikwe. Kadhi akiombwa hili hatakataa kulisikiliza.

Na wako wazee, Mungu awalipe kwa nia yao, waliokuja na fikra ya suluhu: ninyi warithi muandike mmesamehe, jambo liishe kifamilia. Najua wamekusudia kheri, na najua Qur'ani imempa walii, yaani jamaa msimamizi wa aliyeuawa, haki kubwa, ikamkataza kuvuka mpaka. Lakini kwa sheria ya nchi kesi ya mauaji ni ya Serikali, Kadhi hana mamlaka ya jinai, na karatasi yenu ya msamaha haifuti hukumu. Kisha lipo zito zaidi ya hilo. Kaka yako anasema hakuua. Mkimsamehe, mtakuwa mmemsamehe kwa jambo analolikana, na yeye akiupokea msamaha huo atakuwa amelikubali. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusikilizwa kwanza. Msamaha utangoja.

Umesema pia kwamba haraka ya nini, kwani hatanyongwa. Ni kweli, tangu 1994 Tanzania haijamnyonga mtu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu kule Arusha ilisema sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila ya kuangalia hali ya mshtakiwa inavunja haki ya kuishi. Hayo tunayajua. Lakini hebu mfikirie mtu anayelala na hukumu hiyo. Nilipokwenda kumuona Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, hakuniuliza habari za rufaa hata kidogo. Aliniuliza hitima ya baba ilisomwa wapi, nani aliisimamia, na kama kaburi limewekewa mashahidi, yale mawe ya kichwani na miguuni. Nilimjibu, akainama. Hilo si ushahidi wa kitu na sitaki ulichukue kama ushahidi. Nakwambia kwa sababu hakuna mwengine atakayekwambia.

Ukitaka kujua mwisho wake unaweza kuwa nini: majaji wanaweza kuitupa rufaa, wanaweza kumuachia huru, wanaweza kusema kosa ni dogo kuliko lile alilotiwa nalo hatiani. Wanaweza pia kuamuru kesi isikilizwe upya, na hapo ndipo ungeweza kuitwa tena, sikufichi. Lakini tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 msimamo ni kwamba kesi hurudiwa pale usikilizaji wa mwanzo ulipokuwa na kasoro ya kisheria, hairudishwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Pengo la kandili ni la ushahidi. Wakili wetu haombi kesi irudiwe.

Kwa wasomaji wengine wenye mtu aliyehukumiwa: notisi ya rufaa kwenda Mahkama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na aliyefungwa anaiwasilisha kupitia kwa mkuu wa pale anapozuiliwa. Siku zikipita, kuna maombi ya kuongezewa muda, lakini utatakiwa ueleze sababu ya maana ya kuchelewa. Asiye na pesa asikate tamaa: Zanzibar ina sheria ya msaada wa kisheria tangu 2018, Kituo cha Huduma za Sheria kipo tangu 1992, na Mahkama yenyewe inaweza kumpangia mrufani wakili.

Dada, limebaki la mama. Mumewe amezikwa na mwanawe amefungwa, na nyumba nzima inamtaka achague. Akikaa eda hakuna aliyemuuliza chochote, tulimwachia alie. Tangu alipotoka eda anataka kwenda kumuona mwanawe, na hakwendi kwa sababu anaogopa utamsusa. Hajanituma. Amelisema mbele yangu siku moja akipeta mchele, na alipoona nimesikia akabadilisha mazungumzo. Ninakuomba, hata kama mimi hutanisemesha mpaka siku ya mwisho, umwambie mama kwa mdomo wako kwamba akienda hutamkasirikia. Nauli ya boti na pa kufikia Unguja ni juu yangu.

Nakala ya mwenendo wa kesi nimempa mjomba, imo ndani ya bahasha, na ukurasa ulipoanza ushahidi wako nimeukunja pembeni. Usome mwenyewe, si kwa kusomewa na mtu mwenye upande. Kama kuna neno waliloandika ambalo hukulisema, au ulilolisema wakaliacha, mwambie mjomba, hata usiniambie mimi. Wakili yuko tayari kukusikiliza akiwa peke yake, na akaniahidi hatakuomba ugeuze hata herufi moja ya uliyoyasema.

Tarehe ya kusikilizwa haijapangwa. Ikipangwa, mjomba atakujulisha kabla ya mtu mwengine yeyote.

Wabillahi tawfiq.
Mdogo wako