Mwanangu, Mpira Usubiri Kipimo

Mwanangu Salim,

Mama yako amenionyesha picha yako ukiwa na jezi ya mpira wa kikapu ya chuo. Umependeza, na urefu huo ni wa kwetu, sikatai. Ila eko, kile kipimo cha picha ya moyo, umeshapima? Hilo hukuandika.

Aota yangu, ule mshipa mkubwa utokao moyoni, imetanuka hadi sentimita 4.6, na daktari anasema ikikaribia 5 tutazungumza habari ya upasuaji. Chanzo ni Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza mishipa na kurefusha mwili na vidole. Mzazi akiwa nao, kila mtoto yuko nusu kwa nusu kuurithi. Dada yako kapima, yu mzima. Umebaki wewe mwenye vidole kama miwa.

Unasema husikii chochote. Hata mimi sikusikia chochote! Yule Flo Hyman wa Marekani, wa mpira wa wavu, alipata medali ya fedha Olimpiki ya 1984. Januari 1986, huko Japani, alitolewa uwanjani apumzike kidogo, akaanguka kutoka kwenye benchi, akafa. Miaka 31. Aota ilichanika, na Marfan ikajulikana baada ya kifo. Ndugu yake wa kiume akapimwa, akakutwa nayo, akapasuliwa mapema. Nakutaka uwe kama huyo ndugu.

Basi nenda Muhimbili, kwenye taasisi ya moyo, wiki hii. Waambie wazi baba yako ana Marfan. Kikapu kisubiri majibu; najua utanuna, nuna tu.

Ukipata maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kama unachanwa, usimeze dawa ya vidonda vya tumbo ukalala. Kimbilia hospitali, uitaje aota wewe mwenyewe, wakupime presha mikono yote miwili na wakupige picha ya CT. Na hiyo sipro, antibayotiki unayojinunulia kila tumbo likivuruga, acha. Dawa za jamii ile zina hatari kwa mishipa ya watu kama sisi.

Atenolo, dawa yangu ya kutuliza moyo na presha, nakunywa kila siku, hata kama mama yako atakuambia vingine. Saruji sibebi tena, ndiyo maana ukuta wa choo haujaisha na fundi anatuchezea. Mbuzi mweusi kazaa mapacha, dume na jike.

Hela ya kipimo nimempa mama yako mdogo wa Temeke. Sikukutumia kwenye simu, maana ungenunua viatu vya mpira.

Baba yako